Rudolf Diesel

Rudolf Christian Karl Diesel (18 Machi 1858 – 29 Septemba 1913) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kubuni injini inayowasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, bila kutumia cheche ya umeme. Injini hiyo, pamoja na mafuta yanayotumika ndani yake, imepewa jina lake: dizeli.

Lengo lake la mwanzo lilikuwa kuwapatia mafundi wadogo mashine ndogo, ya bei nafuu na isiyokula mafuta mengi, ili waweze kushindana na viwanda vikubwa vilivyotumia mvuke. Wakati wa uhai wake injini hiyo ilikuwa kubwa na nzito, ikafaa zaidi kwa viwanda, mitambo ya umeme na meli. Injini ndogo za dizeli zilienea baada ya yeye kufariki. Leo zinaendesha pikapu, matrekta, mashine za kusaga na pampu za maji hata katika sehemu zilizo mbali na bahari na zenye mwinuko mkubwa, kama vile uwanda wa juu wa Ufipa katika Mkoa wa Rukwa, Tanzania.

== Asili na utoto ==

Diesel alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa Theodor na Elise Diesel. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Kipato cha familia kilikuwa kidogo, na Rudolf alimsaidia baba yake karakanani na kupeleka bidhaa kwa wateja mjini.

Tangu utotoni alipenda mashine. Alitembelea mara kwa mara jumba la makumbusho ya ufundi la Paris, ambako aliona magari na mitambo ya mvuke ya zamani. Shuleni alifanya vizuri.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani waliokuwa wakiishi Paris walilazimika kuondoka, na familia ya Diesel ikakimbilia London, Uingereza. Maisha ya ukimbizi yalikuwa magumu. Kabla vita havijaisha, wazazi walimpeleka Rudolf, aliyekuwa na umri wa miaka 12, kwa ndugu zao katika mji wa Augsburg, Bavaria. Alilelewa na Christoph Barnickel, mwalimu wa hisabati, pamoja na mke wake. Huko alijifunza katika shule ya ufundi ambako mlezi wake alikuwa akifundisha.

== Masomo ==

Akiwa na umri wa miaka 14 Diesel aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa mhandisi. Mwaka 1873 alimaliza shule akiwa wa kwanza darasani, akaendelea na shule ya viwanda ya Augsburg. Mwaka 1875 alipata ufadhili wa kusoma katika chuo cha ufundi cha München. Wazazi wake walipendelea aanze kazi ili awasaidie, lakini yeye alichagua kuendelea na masomo.

Mmoja wa walimu wake huko München alikuwa Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za kutengeneza ubaridi. Katika mafunzo ya Linde, Diesel alijifunza nadharia ya Sadi Carnot, mwanasayansi wa Ufaransa aliyeonyesha kiasi cha juu kabisa cha kazi kinachoweza kupatikana kutokana na joto. Alielewa pia kwamba injini za mvuke za wakati huo zilipoteza sehemu kubwa sana ya nishati ya makaa ya mawe: kwa kawaida zilibadilisha asilimia 10 tu au pungufu kuwa kazi. Tangu hapo swali la namna ya kupunguza upotevu huo halikumtoka akilini.

Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo na kukosa mtihani wa mwisho. Akisubiri mtihani mwingine, alifanya kazi katika kiwanda cha Sulzer huko Winterthur, Uswisi, na kupata uzoefu wa mikono. Alihitimu Januari 1880 akiwa na alama za juu sana.

== Kazi ya mashine za barafu na ndoa ==

Baada ya kuhitimu Diesel alirudi Paris kumsaidia Linde kujenga kiwanda cha barafu. Baada ya mwaka mmoja alikuwa mkurugenzi wa kiwanda hicho. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, na wakapata watoto watatu: Rudolf, Hedwig na Eugen.

Pamoja na kazi ya kila siku, alijaribu kuunda injini iliyotumia mvuke wa amonia badala ya mvuke wa maji. Katika jaribio mojawapo mashine ililipuka na nusura imuue. Alikaa hospitalini kwa miezi mingi, na baada ya hapo afya na macho yake vilimsumbua. Injini ya amonia haikufanikiwa, lakini kazi hiyo ilimfundisha mengi kuhusu gesi zenye shinikizo kubwa. Mwaka 1890 alihamia Berlin, akiendelea kuitumikia kampuni ya Linde.

== Wazo la injini mpya ==

Mtu anayejaza upepo tairi la baiskeli huona kwamba pampu inapata joto. Hewa ikibanwa haraka joto lake hupanda. Diesel alijenga injini yake juu ya kanuni hiyo. Ndani ya silinda, pistoni hubana hewa peke yake mpaka joto lake lipite nyuzi 500 za Selsiasi. Ndipo mafuta hunyunyizwa ndani. Yanapokutana na hewa hiyo ya moto huwaka yenyewe, na gesi zinazotanuka huisukuma pistoni chini.

Njia hiyo ilitofautiana na ya injini ya Nikolaus Otto, ambamo mchanganyiko wa hewa na mafuta hubanwa kwa kiasi kidogo na kuwashwa kwa moto au cheche. Kadiri hewa inavyobanwa zaidi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto inavyoweza kugeuzwa kuwa kazi. Hiyo ndiyo sababu injini ya dizeli hutumia mafuta machache kuliko injini ya petroli yenye nguvu sawa.

Diesel aliomba hataza mjini Berlin mwezi Februari 1892, akaipata mwaka 1893. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kifupi kueleza nadharia yake. Wataalamu wengi walipinga. Wengine walisema kwamba hakuna chuma kitakachohimili shinikizo alilolitaja. Diesel mwenyewe aligundua kwamba baadhi ya mahesabu yake ya mwanzo hayatekelezeki, akarekebisha mpango wake na kuomba hataza ya pili.

Yeye hakuwa peke yake katika utafiti wa aina hiyo. Nchini Uingereza, Herbert Akroyd Stuart alipata hataza ya injini ya mafuta mazito mwaka 1890, kabla ya Diesel. Hata hivyo injini ya Stuart ilitumia shinikizo dogo, na sehemu ya silinda ilipaswa kupashwa moto kutoka nje kabla ya kuwasha. Ubishi kuhusu nani astahili sifa uliendelea kwa miaka mingi.

== Majaribio ya Augsburg ==

Mwaka 1893 Diesel alikubaliana na kiwanda cha mashine cha Augsburg, kilichoongozwa na Heinrich von Buz, pamoja na kampuni ya Krupp, wagharimie majaribio. Jaribio la kwanza lilifanyika Agosti 1893. Mafuta yalipoingia katika silinda yaliwaka kwa nguvu, shinikizo likapanda hadi karibu baa 80, na kifaa cha kulipima kikapasuka. Injini haikuweza kujiendesha, lakini jambo moja lilithibitika: mafuta yanaweza kuwaka kwa joto la hewa iliyobanwa.

Tarehe 17 Februari 1894 injini ilijiendesha yenyewe kwa mara ya kwanza, kwa muda wa dakika moja hivi. Miaka mitatu zaidi ilipita katika kurekebisha pampu, valvu na namna ya kunyunyiza mafuta. Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa München aliipima rasmi injini iliyokamilika. Ilitoa nguvu ya kilowati 13 hivi na kubadilisha asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Hakuna injini ya joto ya wakati ule iliyofikia kiwango hicho.

Injini hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Ili kusukuma mafuta ndani ya silinda ilihitaji hewa yenye shinikizo kubwa kutoka kwenye kompresa. Kompresa hiyo ilikuwa nzito na ghali, ikala sehemu ya nguvu ya injini yenyewe. Kwa kiwanda au meli uzito huo ulivumilika. Kwa gari ulikuwa mzigo usiobebeka.

== Utajiri na matatizo ==

Baada ya jaribio la 1897 makampuni ya nchi nyingi yalinunua haki ya kuunda injini hiyo. Nchini Marekani haki ilinunuliwa na Adolphus Busch, mwenye kiwanda cha bia. Katika muda mfupi fundi maskini wa zamani akawa milionea. Mwaka 1898 kampuni maalumu iliundwa ikachukua haki zake zote kwa mamilioni ya fedha za Kijerumani.

Pamoja na hayo, injini za mwanzo zilizouzwa ziliharibika mara kwa mara, na wanunuzi wakalalamika. Kesi za hataza zilimchosha. Mwaka 1898 alilazwa kwa sababu ya uchovu wa akili na mwili. Alijenga nyumba ya kifahari mjini München na kuwekeza fedha katika viwanja na biashara nyingine, ambako alipata hasara kubwa. Alikuwa mhandisi hodari, lakini katika biashara hakuwa na bahati wala uangalifu wa kutosha.

Kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900 injini ya dizeli ilipata tuzo kuu. Hapo injini moja iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imependekeza jaribio hilo ikiwaza makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zinastawi na mafuta ya petroli yalipaswa kuletwa kutoka mbali. Diesel alilipenda wazo hilo. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake alisema hadharani kwamba siku moja mafuta ya mimea yangeweza kuwa na umuhimu kama petroli na makaa ya mawe.

== Fikra kuhusu jamii ==

Diesel alijali pia hali ya wafanyakazi. Aliona kwamba injini ya mvuke, kwa kuwa kubwa na ghali, ilikusanya kazi mikononi mwa wenye mitaji na kuwaua mafundi wa karakana ndogo, watu wa aina ya baba yake. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kiitwacho Solidarismus, kilichopendekeza wafanyakazi waweke akiba pamoja na kumiliki viwanda vyao wenyewe. Mpango wake ulikaribia mawazo ya ushirika yanayojulikana leo Afrika Mashariki. Kitabu hakikuuzwa vizuri. Inasemekana kwamba yeye mwenyewe alikithamini kuliko injini yake.

== Injini yasambaa baharini ==

Mafanikio makubwa ya injini wakati wa uhai wake yalikuwa majini. Kuanzia mwaka 1903 ilitumika katika mashua za mifereji, kisha katika nyambizi. Mwaka 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia ilianza safari ndefu za baharini kwa injini za dizeli. Haikuhitaji shehena ya makaa ya mawe wala kundi la watu wa kuyatia motoni. Mwaka huohuo Diesel alizuru Marekani na kupokewa kwa heshima.

Kuhusu injini ndogo, alishiriki karibu na mwaka 1908 katika kazi ya kuunda injini ya lori nchini Uswisi. Kazi hiyo haikufika mbali. Tatizo la kompresa lilikuwa bado halijatatuliwa.

== Kifo ==

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli ya Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza kwa shughuli za kampuni iliyounda injini zake. Alikula chakula cha jioni na wenzake, akaenda chumbani mwake yapata saa nne usiku, akiomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi hakuonekana. Kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa vimewekwa vizuri karibu na ukingo wa meli.

Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini. Walichukua vitu vidogo vilivyokuwa mifukoni na kuuacha mwili baharini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba alijiua. Ilibainika kwamba alikuwa amefilisika na kwamba madeni yalimzidi. Kabla ya kusafiri alimwachia mke wake begi, akimwagiza asilifungue kwa muda. Ndani yake kulikuwa na fedha taslimu pamoja na hati zilizoonyesha kwamba akaunti za benki zimekauka. Katika shajara yake tarehe ya siku ile ilikuwa imewekewa alama ya msalaba. Kwa kuwa Ulaya ilikuwa ikikaribia vita na injini yake ilitumika katika nyambizi, wengine walidai kwamba aliuawa, lakini hakuna ushahidi uliothibitisha dai hilo.

== Injini ndogo baada ya Diesel ==

Wahandisi wengine ndio waliotimiza ndoto ya injini ndogo. Mwaka 1909 Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz alipata hataza ya chumba kidogo cha kuanzia mwako, kilichosaidia kuachana na kompresa. Malori ya kwanza ya dizeli yalitokea Ujerumani mwaka 1923 na 1924. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutoa kwa wingi pampu ya kusukuma mafuta kwa kipimo sahihi. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilianza kuuza gari dogo la abiria la dizeli, 260 D. Nchini Japani, Magokichi Yamaoka, mwanzilishi wa Yanmar, aliunda mwaka 1933 injini ndogo ya dizeli iliyofaa wakulima na wavuvi.

Mwingine muhimu ni Alfred Büchi wa Uswisi, aliyepata mwaka 1905 hataza ya kutumia nguvu ya moshi unaotoka ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Kifaa hicho, turbo, kilikuja kuwa msaada mkubwa kwa magari yanayotembea milimani.

== Injini ya dizeli kwenye mwinuko: mfano wa Ufipa ==

Wakati Diesel akiwa hai, Ufipa ilikuwa sehemu ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na Wajerumani walikuwa na kituo chao Kasanga, walikokuita Bismarckburg. Mizigo mingi ilipandishwa kutoka ziwani hadi uwandani vichwani mwa wapagazi. Meli Graf von Götzen, ambayo baadaye ilipewa jina MV Liemba, iliundwa huko Papenburg mwaka 1913, mwaka uleule Diesel alipofariki, lakini ilifungwa injini za mvuke. Ilibadilishiwa injini na kuwekewa za dizeli katika miaka ya 1970.

Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo karibu inapita mita 2,400. Ziwa Tanganyika upande wa magharibi liko mita 770 hivi, na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki mita 800 hivi. Kwa hiyo pikapu inayotoka Kasanga kwenda Sumbawanga kupitia Matai, au inayotoka Muze bondeni, hupanda mita 1,000 katika safari moja. Hapo kanuni za Diesel huonekana waziwazi.

Kwa usawa wa bahari, kama Dar es Salaam, lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.17 hivi. Sumbawanga lita hiyohiyo ina gramu 0.98 hivi. Silinda hujaa hewa kwa ujazo uleule, lakini oksijeni iliyomo imepungua kwa karibu moja ya sita. Matokeo yake ni haya:

* '''Nguvu hupungua.''' Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Sumbawanga upotevu unakaribia asilimia 15 hadi 18. Magari mengi ya kazi ya vijijini, kama vile Toyota Land Cruiser zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, hayana turbo, na dereva hulazimika kushusha gia mapema kwenye mlima.
* '''Moshi mweusi huongezeka.''' Pampu ya dizeli ya kizamani iliyopimwa pwani huendelea kutoa mafuta kiasi kilekile ingawa hewa ni chache. Mafuta yasiyowaka vizuri hutoka kama masizi, joto la moshi hupanda, na vichwa vya pistoni vyaweza kuungua. Fundi wa pampu anaweza kupunguza kipimo cha mafuta. Kukiongeza ili kurudisha nguvu huzidisha madhara.
* '''Kuwasha asubuhi huwa kugumu.''' Hewa nyepesi ikibanwa haifikii shinikizo sawa na la pwani, na usiku wa Juni na Julai katika Ufipa una baridi kali. Injini iliyochakaa pete za pistoni, ambayo pwani huwaka bila shida, huku yaweza kukataa. Plagi za kupasha joto na betri yenye nguvu huwa na umuhimu zaidi.
* '''Maji huchemka mapema.''' Sumbawanga maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi badala ya 100. Mfuniko wa rejeta usioshika shinikizo huruhusu maji kuchemka na kupotea wakati wa kupanda mlima.
* '''Kushuka kunahitaji gia ndogo.''' Injini ya dizeli haina kizuizi cha hewa kama ile ya petroli, hivyo ikiwa katika gia kubwa hailizuii gari vya kutosha. Dereva anayeteremka kwenda bondeni kwa kutegemea breki peke yake huzipasha joto mpaka zishindwe kushika.

Turbo hupunguza sehemu kubwa ya upotevu wa nguvu, kwa sababu husukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hata hivyo kwenye mwinuko huzunguka kwa kasi zaidi, hivyo huhitaji oili safi na chujio la hewa lisiloziba kwa vumbi. Pikapu za kisasa hupima hewa kwa vifaa vya elektroniki na kurekebisha mafuta zenyewe, lakini haziwezi kuvumilia dizeli chafu au yenye maji kama zilivyoweza zile za kizamani. Mahali ambapo mafuta huuzwa kutoka kwenye mapipa, kumwaga maji yaliyokusanyika kwenye chujio ni kazi ya lazima.

Mafuta ya mimea aliyoyatetea Diesel nayo yana masharti. Alizeti na karanga hulimwa Rukwa, lakini mafuta yake ni mazito kuliko dizeli na huzidi kuwa mazito penye baridi. Yakitumika bila kusindikwa huacha masizi kwenye nozeli, hasa katika injini ndogo za kisasa.

Mkoa wa Rukwa unajulikana kwa kilimo cha mahindi. Katika vijiji vingi injini ya dizeli husaga nafaka hiyo, na pikapu au lori huipeleka sokoni. Mashine ndogo iliyo mikononi mwa fundi au mkulima wa kijijini inakaribia matumizi aliyoyafikiria Diesel mwaka 1893 kuliko zilivyokuwa meli kubwa zilizompatia umaarufu.

== Kumbukumbu ==

Mwaka 1907 chuo cha ufundi cha München kilimtunuku Diesel shahada ya heshima. Injini iliyopimwa mwaka 1897 imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Deutsches Museum mjini München. Mwanawe Eugen aliandika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1937. Mwaka 1957 Magokichi Yamaoka aliuzawadia mji wa Augsburg bustani ya mawe ya Kijapani kwa kumkumbuka Diesel, mahali alikokulia na alikokamilisha injini yake.